Ardhi ya Umma na Wale Walioitwa Wavamizi
(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache kuhusu kazi yangu ya ardhi. Nitaanza na serikali ya kikoloni, kwa kuwa mengi tunayoyafanya maofisini tuliyarithi kwake.

Mwaka 1923 Waingereza walitunga Sheria ya Ardhi ya Tanganyika. Ilitamka kwamba ardhi yote ni ya umma, chini ya Gavana, kwa manufaa ya wenyeji. Maneno mazuri. Lakini Dar es Salaam iligawanywa kanda tatu kwa kipimo cha aina ya majengo: Uzunguni, Uhindini, na Uswahilini kule Kariakoo. Kanuni za ujenzi hazikuhitaji kutaja rangi ya mtu. Gharama ya nyumba ilitosha kumtenga.

Baada ya Vita Kuu ya Pili watu walimiminika mjini. Mwaka 1948 walikuwa kama 69,000; mwaka 1957 walizidi 128,000. Serikali ilipima viwanja na kujenga nyumba Ilala, Magomeni na Temeke, lakini hazikutosha. Aliyekosa alijenga Keko au Buguruni, bila ramani wala kibali. Dawa ya serikali ikawa msako. Sheria ya mwaka 1944 iliruhusu watu waliohesabiwa kuwa hawatakiwi mjini warudishwe makwao. Walirudishwa, na wengi wakarudi tena, maana kazi ilikuwa mjini.

Ndugu zangu, wakoloni waliuliza, "Nani kavamia?" Hawakuuliza, "Angejenga wapi?"

Baada ya Uhuru nasi tulianza kwa kubomoa. Mwaka 1972 Serikali ikaamua kuyaboresha maeneo hayo, ndipo Manzese ikapata barabara na maji, na viwanja vikapimwa Sinza. Hata hivyo, lile swali la kwanza halijatoka vichwani mwetu.

Nakiri mbele yenu. Nilipokuwa ofisa kijana, nilitumwa kupaka alama ya X kwenye nyumba zilizojengwa eneo la wazi. Mama mmoja alitoka na mfuko wa nailoni, akanionyesha stakabadhi za kodi ya jengo, mwaka baada ya mwaka. Akaniuliza, "Mwanangu, mlipopokea hela hizi mlikuwa hamnioni?" Sikuwa na jibu. Nikapaka. Sheria ilikuwa upande wangu, na hadi leo sijaridhika.

Sisemi kila mtu ajenge atakapo. Viwanja vya shule, mikondo ya maji na maeneo ya wazi lazima vilindwe. Ninasema tupime kabla watu hawajajenga, na bei ya kiwanja imfikie mwenye kipato kidogo.

Vijana, baadhi yenu mtashika kalamu na muhuri ofisini. Wengine mnatoka katika nyumba kama ile ya yule mama. Mkifika kule, msisahau swali la pili.