Boti ya Kukanyaga kwa Miguu: Hesabu Kabla ya Kununua

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya pwani. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

 

Tumeombwa tuseme juu ya boti ya kukanyaga, hii inayoitwa kayaki. Vikundi vitatu vimetuletea picha ile ile kwenye simu: mtu ameketi kitini, miguu yakanyaga kama baiskeli, mikono imeshika mshipi, na samaki mkubwa yuko mbele yake. Swali nalo ni lile lile. Tutoe pesa za kikundi tununue, ama tuziache benki? Basi kwanza tukiangalie kitu chenyewe.

Kayaki ya kukanyaga ni chombo cha plastiki cha mtu mmoja, urefu wake kama mita tatu na nusu hadi nne na kidogo. Katikati ya sakafu pana tundu. Mashini ya pedali inaingizwa hapo kwa juu, na sehemu yake ya chini inafanya kazi ndani ya maji. Ziko za aina mbili. Moja ina mapezi mawili yanayopepea kushoto na kulia kama mapezi ya pengwini. Aina hii kampuni ya Hobie ya Marekani iliitoa mwaka 1997. Ya pili ina panga dogo linalozunguka kama la injini, na mara nyingi ukikanyaga kinyume inarudi nyuma. Usukani uko nyuma, unavutwa kwa kamba kutoka kwa kipini kilicho kando ya kiti.

Faida yake ni ya kweli, tusiidharau. Miguu ina nguvu kuliko mikono, kwa hiyo mtu anakwenda mbali bila kuchoka upesi. Mikono inabaki kwa mshipi. Hakuna petroli, na mvuvi yeyote hapa anajua petroli inakula kiasi gani kabla hata samaki mmoja hajaingia. Hakuna kelele. Kwa mshipi wa changu, chewa au kolekole, huwezi kuitia ila kubwa. Lakini kwa jarife au kwa malema mengi, hapana. Hapo chukua mtumbwi, hori au mashua kama walivyofanya babu zetu.

Sasa pesa. Huko Marekani bei ya kayaki mpya ya namna hii hutofautiana sana, na zile zenye vifaa vizuri zinapita dola 4,000. Tuchukue 3,000. Kwa shilingi 130 kwa dola, hiyo ni shilingi 390,000, kabla ya nauli ya meli, ushuru na VAT ya asilimia 16. Kikundi cha watu 25 wanaoweka shilingi 200 kila wiki kinapata 5,000 kwa wiki. Gawanya: wiki 78. Mwaka mmoja na nusu wa jasho la watu 25, kwa kiti cha mtu mmoja. Mweka hazina aseme hesabu hiyo kwa sauti mbele ya wote, siku ya mkutano, si pembeni.

Kuna atakayesema, sisi tutapata ya msaada. Msaada ni mzuri. Kikundi kimoja kusini mwa Mombasa, jina tunaliweka kando, kiliachiwa kayaki mbili na wageni waliorudi kwao. Miezi minane zilifanya kazi vizuri kabisa. Halafu waya mmoja wa mashini ukakatika. Ulitafutwa Mombasa, haukupatikana. Wakachukua waya wa breki ya pikipiki, ukashika siku nne. Ile ya pili panga lilivunjika juu ya mwamba. Leo moja inapigwa kafi tu, na nyingine kuku wanatagia ndani. Kwa hiyo mkipewa, shukuruni, lakini siku hiyo hiyo ombeni spea: waya au mnyororo wake, panga au mapezi ya akiba, kamba za usukani, na pini zake. Asiyeweza kutoa spea, na atoe kitu kingine.

Mkiamua kununua, hasa ya mkono wa pili, msinunue kwa picha. Igeuzeni juu chini. Angalieni mkuku, pale inapokokotwa mchangani, maana ndipo plastiki inapokwisha kwanza. Angalieni kuzunguka lile tundu la mashini, hapo nyufa hujificha. Mimina maji ndani, ngojea nusu saa, uone kama nje panalowa. Ufa wa plastiki hii hauzibwi kwa kalafati wala kwa gundi ya dukani, kwa sababu gundi haiishiki. Unayeyushiwa plastiki ya aina ile ile kwa moto wa fundi anayejua. Asiyejua ataitoboa.

Halafu uzito. Kila chombo kina kipimo chake cha kubeba, na muuzaji atawatajia kile kikubwa. Tuseme ni kilo 230. Wazoefu hawapakii zaidi ya asilimia 70, yaani kilo 161, kwa sababu chombo kilichojaa kinakaa chini na mawimbi yanaingia. Mvuvi ana kilo 70. Mashini na kiti 12. Maji ya kunywa 5. Sanduku na barafu 25. Nanga na kamba 6. Mishipi, kafi na vidogo vidogo 7. Jumla 125. Zimebaki kilo 36 za samaki. Kwa mtu mmoja wa mshipi, kilo 36 za samaki wazuri waliokaa kwenye barafu si mchezo. Lakini barafu ikikosekana, akina mama mnaouza mnajua bei inavyoshuka kabla ya saa sita mchana. Kwa hiyo sanduku la barafu tunalihesabu kama sehemu ya boti.

Vifaa vingine havina fahari lakini ndivyo vinavyorudisha mtu nyumbani. Jaketi la kuokolea livaliwe, lisikaliwe. Filimbi ifungwe kwenye jaketi. Kafi iwepo daima, kwani mashini ikikwama mikono ndiyo injini. Upo wa kutolea maji, taa, simu ndani ya mfuko usioingiza maji, kisu, na nanga yenye kamba ndefu. Kila kitu kifungwe kwa kamba, maana kayaki ikipinduka kisichofungwa ni cha bahari. Na mvuvi ajifunze kupanda tena akiwa majini, kwenye maji ya kifuani, wenzake wakimtazama, kabla hajaruhusiwa kupita mwamba. Asiyeweza kupanda mara tatu mfululizo, asiende. Hapa hatubembelezi mtu, kwa sababu tumeshakaa na wajane matangani.

Chombo hiki ni chepesi, upepo unakisukuma. Wakati wa kaskazi, asubuhi, kinafaa. Kusi likishika, kibaki ndani ya mwamba au kilale chini ya makuti. Waende wawili wawili. Maji yakipwa, chunga mashini: inashuka chini ya boti na itagonga matumbawe, na panga linazongwa na majani ya bahari. Ndugu zetu wa Ziwa Victoria, kwenu adui wa panga ni gugumaji. Ukikaribia maji mafupi, ile ya mapezi unasukuma pedali moja mbele mpaka mapezi yanalala chini ya boti. Ile ya panga unainua yote.

Ukirudi, toa mashini, osha kwa maji baridi, paka grisi, angalia waya. Chumvi haingoji kesho. Usiache boti juani juu ya mawe mawili, plastiki itapinda. Ipelekwe kivulini. Fundi wa jua kali anaweza kuwatengenezea kigari cha magurudumu mawili, nayo mkuku itadumu.

Sheria pia. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2016 inataka chombo cha kuvulia kiandikishwe na kiwe na leseni. Pedali haziiondoi. Anzeni kwa BMU yenu na ofisa wa uvuvi. Na ndani ya hifadhi za taifa za baharini, kama Malindi na Watamu zilizotengwa mwaka 1968, hakuna kuvua hata kama unakwenda kimya.

La mwisho ni la ugomvi. Boti ni ya watu 25, anayeketi ni mmoja. Andikeni kabla: mvuvi anapata fungu gani, kikundi fungu gani, chombo fungu gani. Fungu la chombo liwekwe kwa ajili ya spea na lisikopeshwe, hata kwa mwenyekiti. Tena akina mama ambao ndio wengi katika kuweka akiba wawe na mmoja wao anayepima samaki pwani na kuandika kwenye daftari.

Kikundi ambacho bado kinataka kije ofisini na kitabu cha benki, daftari ya wanachama, na yule mtu mmoja anayetajwa kuwa mvuvi. Tutatafuta kayaki ya kuazima kwa siku moja, na tutachagua siku ya maji kupwa, ili aone mwenyewe mashini inagonga wapi.