Kinga Inapopofusha: Vikope, Usubi na Jicho Jekundu



Jina la vikope linataja mwisho wa ugonjwa. Aliyeuita hivyo alimwona mama mtu mzima mwenye kope zilizopinda kwa ndani, kila akipepesa zinamkwaruza konea. Hakumwona mtoto wa miaka 3 mwenye tongotongo na nzi usoni, na utotoni ndiko ugonjwa ulikoanzia miongo kadhaa nyuma. Bakteria wa klamidia hawakuwa wakilitafuna jicho miaka yote hiyo. Kilichofanya kazi kubwa ni kinga ya mwili wa mama mwenyewe.

Klamidia huingia kwenye seli za utando wa ndani ya kope. Chembe nyeupe za damu hukusanyika kumkabili, na vile vipele tunavyoviona tukigeuza kope ya juu ni makundi ya chembe hizo. Ambukizo moja hupoa lenyewe. Makadirio ni kwamba mtu huambukizwa zaidi ya mara 150 maishani kabla ya kufikia hatua ya kupofuka. Kila mara utando huvimba, hupona, huacha uzi mwembamba wa kovu. Nyuzi hizo hujikunja na kuivuta kope. Wanawake hupofuka hadi mara 4 zaidi ya wanaume kwa sababu ndio wanaoshinda na watoto, na watoto ndio wenye klamidia. Tunapogawa azithromaisini kijijini tunamkinga mtoto. Mama yule haimnyooshei kope; anahitaji upasuaji, na hata baada ya upasuaji asifutwe daftarini, maana uvimbe unaweza kuendelea hata bakteria asipoonekana tena kwenye vipimo, na kope zikarudi kupinda.

Ugonjwa wa usubi nao umepewa jina la mdudu. Anayeharibu jicho ni mnyoo anayeletwa naye. Wenzetu wa Mahenge wanawajua inzi hao wadogo weusi wa kando ya mito ya kasi. Mnyoo mkubwa hukaa kwenye vinundu chini ya ngozi miaka 10 na zaidi, akizaa vijinyoo vinavyotambaa hadi kwenye konea. Kijinyoo kikiwa hai, jicho hukivumilia. Kikifa ndipo balaa huanza. Ndani yake huishi bakteria waitwao Wolbachia. Mzoga ukipasuka, bakteria hao hutoka nje, chembe nyeupe humiminika, na konea iliyokuwa kama kioo hupata ukungu, kisha kovu. Wakongwe wa kazi hii wanaikumbuka dawa ya dayethilkabamazini: iliua vijinyoo vingi kwa mpigo, mgonjwa akawashwa na kuvimba, na wengine macho yao yakazidi kuharibika. Ivermektini, dawa ambayo kampuni ya Merck iliahidi mwaka 1987 kuitoa bure, husifiwa kwa nguvu zake. Mimi naisifu kwa upole wake.

Sasa jicho jekundu la kila siku, ambalo ndilo linalonikosesha usingizi. Mara nyingine kinga hushambulia tabaka la ndani linaloitwa uvea, bila kijidudu chochote kuonekana. Jicho huuma, hasa likipigwa na mwanga, wekundu huizunguka konea, mboni husinyaa, tongotongo hakuna. Matone ya antibiotiki hayalisaidii, na siku zinavyopita ukingo wa mboni hujibandika kwenye lenzi, maji ya jicho hukosa njia, presha ya jicho hupanda.

Dawa yake ni steroidi, ambayo huituliza kinga. Lakini konea ikiwa na kidonda cha fangasi au cha virusi vya hepesi, chupa hiyohiyo humfungulia adui mlango. Nimewahi kumpokea fundi cherehani aliyejinunulia tone hilo dukani kwa miezi mingi kwa sababu ya macho kuwasha tu. Alikuja na mtoto wa jicho na presha ya macho, vyote kwa pamoja, na bado alikuwa na chupa mfukoni.

Pale kliniki kwetu tumebadilisha swali la kwanza. Zamani tuliuliza, “Linawasha?” Siku hizi tunauliza, “Mwanga unakuumiza?” Akijibu ndiyo, hatumpi tone lolote kabla jicho halijapimwa.