Aliye Ndani ya Vazi: Mwenendo na Uigizaji wa Maskoti Uwanjani



Mwaka 1999 Cyril the Swan, bata-maji ambaye ni maskoti wa klabu ya Swansea City, alitozwa faini ya pauni 1,000 na Chama cha Soka cha Wales kwa kukimbilia uwanjani kushangilia bao. Miaka miwili baadaye alirudi tena kwenye magazeti: alimng'oa kichwa Zampa, simba maskoti wa Millwall, akakipiga teke. Mtu aliyekuwa ndani ya manyoya yale wachache wanamjua. Aibu ilibebwa na Swansea.

Hoja yangu inaanzia hapo. Vazi linakupa ruhusa ambayo shabiki wa kawaida hana: kumkumbatia mgeni, kumtania mzee, kukaa mapajani mwa mheshimiwa. Ruhusa hiyo ni mali ya klabu, wewe umeazimwa tu. Siku ya watani wa jadi, watanie mashabiki wa upande wa pili hadi wacheke wenyewe. Usimguse mwamuzi wala usimwigize mchezaji aliyeumia. Benchi la wageni lipite mbali, hasa wakiwa wanafungwa. Januari 2003 huko Calgary, Kanada, Harvey, mbwa maskoti wa timu ya hoki ya huko, aliinama juu ya benchi la wageni Edmonton Oilers kuwakejeli, na kocha wao Craig MacTavish akaung'oa ulimi wa kitambaa wa mbwa huyo. Dunia nzima ilicheka, lakini kocha mwenyewe hakuwa akitania.

Sasa uigizaji. Sura ya maskoti haibadiliki, kwa hiyo furaha na huzuni zitoke mabegani, shingoni na magotini. Wa jukwaa la juu pale Uwanja wa Benjamin Mkapa, penye viti 60,000, haoni kidole chako. Inua mkono wote. Tenda jambo moja, tulia, waache watu wacheke, ndipo ufanye la pili. Wengi wetu huharibu hapo: tunarukaruka bila kituo hadi hakuna anayejua atazame nini. Na usiseme hata neno moja, maana sauti hufichua aliye ndani. Wamakonde katika ngoma ya mapiko humfunika mchezaji mwili mzima, na siri ya aliye ndani hulindwa na waliopita jando; nasi tulinde yetu namna hiyo. Dave Raymond alimwigiza Phillie Phanatic, maskoti wa timu ya besiboli ya Philadelphia, tangu 1978 hadi 1993, kisha akaingia mwingine, na Phanatic akabaki yule yule. Mkiwa wawili mnaopokezana vazi, fanyeni mazoezi ya mwendo mmoja.

Kwa watoto, polepole. Chuchumaa mbali kidogo, geuza ubavu, mwache mtoto aje mwenyewe. Akilia, rudi nyuma umpungie mkono. Kuna wazazi watakaomsukuma kwa ajili ya picha. Hapo msindikizaji wako ndiye aseme, maana wewe huna sauti. Katika kila picha mikono yako ionekane.

Msindikizaji si anasa. Unaona kupitia tundu la mdomoni, ngazi huzioni, na joto la Dar es Salaam ndani ya manyoya halivumiliki kwa muda mrefu. Dakika 15 hadi 20, kisha chumbani, maji, kichwa kivuliwe mlango ukiwa umefungwa. Kubalianeni ishara ya dharura, kwa mfano mikono yote miwili juu ya kichwa. Ukihisi kizunguzungu, vua hapo hapo mbele ya watu wote. Siri haina thamani ya uhai wa mtu.

Kukiwa na dakika ya ukimya kwa ajili ya marehemu, ondoka kabla haijaanza, kwa sababu sura yako inaendelea kucheka.

Viongozi mliopo, vazi lifuliwe na kukaushwa kila baada ya mechi, na anayelivaa alipwe.

Katika mazoezi ya mchana tutaanza na mwendo. Njooni na viatu vya mavazi yenu. Ukivivaa, hatua yako hubadilika kabisa.