Ufungaji wa Honi za Ziada kwa Rilei na Swichi ya Kuchagulia

Honi ya gari ni mzigo mkubwa wa umeme. Honi moja ya kisahani, ile inayokuja na gari dogo kutoka kiwandani, huvuta ampea 3 hadi 5 kwenye mfumo wa volti 12. Jozi ya honi zenye umbo la konokono, moja ya sauti nene na nyingine ya sauti nyembamba, hufika ampea 8 hadi 10. Honi ya upepo inayouzwa pamoja na kompresa yake ndogo huvuta ampea 15 hadi 20, na mota yake inapoanza tu kuzunguka huvuta zaidi ya hapo. Kitufe cha usukani hakikutengenezwa kubeba mzigo wa namna hiyo. Katika magari yenye mfuko wa hewa wa usalama, umeme wa kitufe hupita kwenye utepe mwembamba uliojiviringisha nyuma ya usukani, na utepe huohuo ndio unaobeba waya za mfuko wa hewa. Fundi anayepitisha umeme wa honi ya ziada humo anahatarisha vitu viwili kwa mpigo.

Kuna sababu ya pili, nayo ni sauti yenyewe. Waya wa shaba wenye urefu wa mita 1 na eneo la milimita 1 ya mraba una ukinzani wa takriban omu 0.0175. Mita 3 za waya wa milimita 0.75 za mraba, unaopendwa kwa sababu ni rahisi kupindika na bei yake ni ndogo, zina omu 0.07. Kompresa ya ampea 18 ikilishwa kwa waya huo hupoteza volti 1.26 njiani, kabla ya kuhesabu kutu ya viungio wala waya wa kurudi. Mita hizohizo 3 kwa waya wa milimita 2.5 za mraba hupoteza volti 0.38 tu. Honi nyingi zinazorudishwa dukani kwa madai kwamba ni feki hazina kasoro yoyote, zimenyimwa umeme.

Rilei na namba zake

Rilei hutatua mambo yote mawili. Ni swichi inayofungwa na sumaku ya umeme badala ya kidole: umeme mdogo wa kitufe huamsha koili, koili huvuta chuma, chuma hufunga njia ya umeme mkubwa unaotoka moja kwa moja kwenye betri. Koili ya rilei ya kawaida ya volti 12 ina ukinzani wa karibu omu 80, hivyo huvuta ampea 0.15 tu, mzigo ambao kitufe chochote hubeba bila shida. Njia ya umeme mkubwa kwa kawaida hustahimili ampea 30 au 40.

Namba zilizochapwa chini ya rilei zinatokana na kanuni ya Kijerumani ya DIN 72552, na zinatumika katika magari mengi. Pini ya 30 hupokea umeme wa betri. Pini ya 87 hupeleka umeme huo kwenye honi rilei inapowaka. Pini za 85 na 86 ni ncha mbili za koili: 86 huelekezwa upande wa chanya na 85 upande wa hasi. Rilei ya pini tano huongeza pini ya 87a, ambayo imeungana na 30 wakati rilei imelala na huachana nayo rilei inapoamka. Pini hiyo ya tano, inayoachwa wazi na mafundi wengi, ndiyo inayowezesha kuchagua honi bila kuchezea umeme mkubwa.

Pini za 85 na 86 zinaweza kugeuzwa bila madhara, isipokuwa rilei ikiwa na diodi ndani yake. Diodi hiyo huwekwa kwa sababu koili inapokatiwa umeme ghafla hurudisha mruko wa makumi au hata mamia ya volti kwa muda mfupi sana, mruko unaoweza kudhuru kompyuta ya gari au kula kitufe taratibu. Rilei yenye diodi ikigeuzwa pini, diodi inakuwa shoti. Kwa hiyo mchoro uliochorwa ubavuni mwa rilei usomwe kwanza. Pale ambapo rilei haina kinga, diodi ya 1N4007 inatosha, upande wake wenye mstari ukielekezwa kwenye 86.

Volti nazo zisikisiwe. Magari madogo hutumia volti 12. Malori na mabasi makubwa mengi hutumia 24. Rilei ya volti 12 ikiwekwa kwenye volti 24 haigomi mara moja, na hapo ndipo inapodanganya: koili yake, iliyokuwa ikitoa joto la wati 1.8, sasa hutoa wati 7.2, na huungua baada ya muda, mara nyingi gari likiwa mbali na karakana.

Kutambua mfumo wa gari

Kabla ya kukata waya wowote, ni lazima ijulikane kitufe kinafanya nini. Magari mengi ya Kijapani, zikiwamo Toyota Hiace zinazofanya kazi ya daladala na matatu, yana rilei ya honi ya kiwandani ndani ya sanduku la fyuzi. Kitufe hugusisha waya wa koili kwenye bodi, rilei huamka, na honi hupokea umeme wa chanya. Kwenye magari ya zamani na baadhi ya pikipiki, honi hupata umeme wa moto wakati wote swichi ya gari ikiwa imewashwa, na kitufe hukamilisha upande wa bodi.

Taa ya kupimia humaliza ubishi. Soketi ya honi orijino ichomolewe, ncha moja ya taa iwekwe kwenye bodi na nyingine kwenye waya, kisha kitufe kibonyezwe. Taa ikiwaka wakati wa kubonyeza tu, waya huo ni wa chanya unaodhibitiwa: utaamsha 86 ya rilei mpya, na 85 itakwenda kwenye bodi. Taa ikiwaka bila kubonyeza, huo ni umeme wa kudumu. Hapo ncha ya taa ihamishwe kutoka bodi hadi chanya ya betri na waya wa pili ujaribiwe. Taa ikiwaka kitufe kinapobonyezwa, waya huo ndio wa kwenda kwenye 85, na 86 ipewe chanya yenye fyuzi. Katika hali zote mbili ishara inachukuliwa mbele, kwenye honi orijino, na usukani haufunguliwi. Ikilazimu kuufungua, betri ikatwe na kusubiriwe angalau sekunde 90, kama Toyota inavyoelekeza, ili umeme uliobaki kwenye mfumo wa mfuko wa hewa uishe.

Njia ya umeme mkubwa

Waya wa pini ya 30 uanzie kwenye betri, na fyuzi iwe karibu kabisa na betri, ndani ya sentimita 20 hivi. Fyuzi hailindi honi, inalinda waya: sehemu yote iliyo kati ya betri na fyuzi haina mlinzi, na betri ya gari iliyopata shoti hutoa mamia ya ampea, kiasi cha kuwasha ganda la waya kabla dereva hajafika kwenye boneti. Kwa jozi ya honi za umeme, fyuzi ya ampea 15 na waya wa milimita 2.5 za mraba zinatosha. Kwa kompresa, fyuzi iliyotajwa na mtengenezaji ifuatwe, kwa kawaida 20 au 30. Ikiwa 30, waya uwe milimita 4 za mraba. Waya wa kwenda kwenye bodi uwe na unene uleule, na rangi ikwanguliwe hadi chuma kionekane. Honi nyingi zilizofungwa kwa ustadi upande wa chanya huharibiwa na bolti moja iliyokazwa juu ya rangi.

Rilei ikae pini zikitazama chini ili maji yasituame, mbali na bomba la moshi. Midomo ya honi ielekee mbele na chini kidogo. Kompresa iwe karibu na tarumbeta zake, kwa kuwa mpira mrefu wa hewa huchelewesha sauti. Waya unapopenya ukuta wa injini uvalishwe ringi ya mpira.

Swichi ya kuchagulia

Hapa ndipo makosa makubwa hufanyika. Mfungaji hununua swichi ndogo ya kupandisha na kushusha kwenye duka la vipuri, Kariakoo au Kirinyaga Road, akaona imeandikwa ampea 10 na volti 125 au 250, akapitisha umeme wa honi humo. Namba hizo ni za umeme wa nyumbani, ambao hupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde na hivyo kujizimia cheche. Umeme wa betri haupiti kwenye sifuri kamwe. Swichi inapofunguka cheche huendelea kuwaka, na mzigo wenye koili kama honi huifanya kali zaidi. Swichi ya kuchagulia ikae upande wa koili tu, ambako ampea hazifiki hata 1.

Kuna namna tatu za kuiunga. Ya kwanza haikati waya hata mmoja: ishara hutolewa tawi kwenye waya wa honi orijino, hupita kwenye swichi ya kuwasha na kuzima iliyo dashibodini, kisha huenda kwenye 86 ya rilei mpya. Swichi ikizimwa hulia honi orijino peke yake. Ikiwashwa hulia zote. Dereva wa mjini huiacha imezimwa na huiwasha akishaingia barabara kuu. Kwa magari mengi hii inatosha, na ndiyo inayopaswa kupendekezwa kwanza.

Namna ya pili hutumia pini ya 87a, kwa anayetaka honi moja ilie na nyingine inyamaze. Waya wa honi orijino hukatwa. Upande unaotoka kwenye kitufe huingia 30 ya rilei ya kwanza, 87a hurudi kwenye honi orijino, na 87 huenda kwenye 86 ya rilei ya pili, ile inayobeba umeme wa honi mpya. Swichi ya dashibodini, ikilishwa kupitia fyuzi ya ampea 3, huamsha koili ya rilei ya kwanza. Uzuri wake ni kwamba fyuzi ya swichi ikikatika, au waya wake ukichomoka, rilei hulala na honi orijino hurudi yenyewe. Anayepanga kinyume, honi orijino ikiwa kwenye 87, anamwachia dereva gari lisilo na honi siku waya mmoja utakapokatika. Honi ni kifaa cha usalama. Hitilafu yoyote ya nyongeza iishie kwenye nyongeza.

Namna ya tatu ni ya wenye honi mbili za ziada, ya umeme na ya upepo. Swichi ya nafasi tatu, katikati ikiwa imezima, hugawa ishara kwa rilei mbili, kila moja na fyuzi yake. Honi orijino bado huachwa kwenye waya wake.

Malori na pikipiki

Lori lenye breki za upepo halihitaji kompresa nyingine. Rilei, au hata swichi peke yake, hufungua vali ya umeme inayoruhusu hewa ya tangi kuingia kwenye tarumbeta. Jambo la kuangalia ni hewa, kuliko umeme: tawi la honi lichukuliwe kwenye mzunguko wa vifaa vya ziada, nyuma ya vali inayojifunga shinikizo likishuka, kamwe lisitoke kwenye tangi la breki. Mpira wa honi ukipasuka, breki zisihusike.

Kwa pikipiki hesabu ni fupi. Kompresa ya ampea 18 ni wati 216, zaidi ya uwezo wa jenereta ya pikipiki nyingi za bodaboda. Mlio mfupi hubebwa na betri. Milio ya mfululizo huimaliza. Honi moja ya konokono yenye rilei inafaa zaidi.

Kutafuta hitilafu

Rilei ikitoa mlio wa kubofya bila honi kulia, volti zipimwe kwenye 30, kisha 87, kisha kwenye honi yenyewe. Mahali zinapopotea ndipo penye kasoro. Honi ikilia kwa unyonge, mita iwekwe kati ya chanya ya betri na chanya ya honi wakati ikilia: zaidi ya nusu volti ni nyingi. Kipimo hichohicho kirudiwe upande wa hasi. Honi isiyonyamaza ina asili mbili. Waya wa kitufe ukichomolewa kwenye rilei na mlio ukaendelea, vigusio vya ndani vimegandana na rilei ibadilishwe. Ukinyamaza, waya wa kitufe una shoti.

Kiwango cha sauti na sheria

Kanuni Namba 28 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na watengenezaji wengi, huweka sauti ya honi ya gari kati ya desibeli 105 na 118 kwa umbali wa mita 2. Honi iliyopimwa huwa na herufi E ndani ya duara. Sanduku linalojigamba kwa desibeli 150 bila kutaja umbali wa kipimo halijasema kitu. Nchini Kenya, kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele zinataka honi ipigwe tu pale inapohitajika kuzuia ajali, na ving'ora si vya magari ya watu binafsi. Fundi anayefunga honi ya ziada amweleze mwenye gari mipaka hiyo, aandike jina la kila waya kwenye tepu, na amwachie mchoro ndani ya gari kwa ajili ya fundi atakayefuata.