Kitanda, Meza, Kiti na Taa



Katika somo la kwanza la leo, Jumapili ya 13 ya Mwaka A, tumesikia habari za mwanamke wa Shunemu. Alimwona Elisha akipita mara kwa mara mlangoni pake, akamshauri mumewe wamjengee chumba kidogo orofani, wamwekee humo kitanda, meza, kiti na taa. Tulipotembelea Malimbe, pembezoni mwa jiji la Mwanza, tulivikumbuka vitu hivyo vinne, maana ndivyo anavyovitafuta kila mwanafunzi afikaye huko na begi lake.

Malimbe ni mji uliokuzwa na chuo. Mwaka 1960 Askofu Joseph Blomjous wa Mwanza, Mholanzi wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, alianzisha huko Nyegezi chuo cha mafunzo ya jamii. Mwaka 1998 kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, chini ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania. Kanisa ambalo shule zake nyingi zilitwaliwa na Serikali baada ya Sheria ya Elimu ya 1969 likawa sasa na chuo kikuu. Wanafunzi walipoongezeka, vikafuata vyumba vya kupanga, mamantilie, maduka ya fotokopi, vinyozi na bodaboda. Wenyeji walijenga chumba baada ya chumba, tena ili wapate riziki. Hatuoni ubaya katika hilo. Mwenye nyumba naye ana watoto wanaosoma.

Kaulimbiu ya chuo hicho ni kuujenga Mji wa Mungu. Fikra hiyo ni ya msimamizi wake. Mwaka 410 Wagothi waliiteka Roma, na wakimbizi wakavuka bahari hadi Afrika ya Kaskazini. Augustino, askofu wa Hippo, katika nchi iitwayo leo Algeria, akaanza kuandika kitabu kikubwa juu ya miji miwili, akakimaliza yapata mwaka 426. Kwake yeye miji hiyo haitengwi kwa ukuta. Imechanganyika hapa duniani hadi siku ya mwisho, na hutofautiana kwa kile inachokipenda. Basi tusidhani kwamba Mji wa Mungu uko ndani ya lango la chuo, na ulimwengu uko nje, kwenye vyumba vya kupanga.

Mbona tunayasema haya kwa watu wa Mlowo? Majira haya kahawa ya Mbozi inachumwa, na matokeo ya kidato cha sita yanangojewa. Yuko mzazi anayehesabu madebe kwa ajili ya ada. Binti yake atapanda basi kwenye barabara kuu ya Tunduma, aende Mbeya au Iringa, ambako nako kuna vyuo vikuu vya Kikatoliki, au afike mbali, hadi Mwanza. Ada ameandikiwa na chuo. Kodi ya chumba ataambiwa na mtu asiyemjua, pengine anayetaka ya miezi sita kwa mkupuo. Siku atakapochelewa kulipa, na mwenye nyumba akagonga mlango usiku, ndipo itakapojulikana amefikia katika mji upi kati ya ile miwili.

Lakini nasi tunapangisha. Wanafunzi wa sekondari watokao vijiji vya mbali hupanga vyumba vya uani, wakajipikia wenyewe, na mara nyingi hatujui hata majina ya wazazi wao. Tunawaombea watoto wetu waliokwenda mbali, na mtoto wa mwenzetu yuko nyuma ya ukuta wa jiko letu, hana mafuta ya taa wala mtu wa kumwuliza kama amekula. Injili ya leo inataja kikombe cha maji baridi tu.

Elisha alipotaka kumlipa yule mama fadhila, akamwuliza kama aombewe neno kwa mfalme. Mama akajibu kwamba yeye anakaa kati ya watu wake mwenyewe. Mpangaji wetu hawezi kujibu hivyo.

Tumsifu Yesu Kristo.