Mtoto Hapimwi kwa Mizani ya Mifugo



Mwaka 1911, katika maonyesho ya kilimo ya jimbo la Iowa, nchini Marekani, palifanyika shindano la ajabu. Wakulima wa huko walikuwa wamezoea kuleta ng'ombe na nguruwe wao, waamuzi wakawakagua na kutoa zawadi. Safari hii waliletwa watoto wachanga. Mary Watts na Daktari Margaret Clark walikuwa wametengeneza kadi ya alama kwa kufuata mfano wa kadi za mifugo. Mtoto alipimwa na kuchunguzwa mwili, na kila kasoro ikampunguzia alama. Miaka mitatu kabla yake, Mary DeGarmo, aliyepata kuwa mwalimu, alikuwa ameendesha shindano kama hilo huko Louisiana.

Ni haki kukiri kwamba nia ya mwanzo ilikuwa na wema ndani yake. Wakati huo watoto wengi walifariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na maradhi ya tumbo yalikuwa miongoni mwa wauaji wakubwa. Mama aliyefuata zawadi alirudi nyumbani na ushauri wa daktari. Mwaka 1913 gazeti la Woman's Home Companion lilianza kuyaunga mkono mashindano hayo, nayo yakaenea katika majimbo mengi. Msingi wake ulikuwa ule ule wa wahenga: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Lakini walikuwapo wengine waliouona uwanja huo kuwa mahali pa kupandia mbegu yao. Mwaka 1883 Mwingereza Francis Galton alikuwa ametunga jina la yujeniksi, yaani imani kwamba binadamu aweza kuboreshwa kama mifugo, kwa kuwahimiza wanaoitwa bora wazae na kuwazuia wanaoitwa duni. Charles Davenport, aliyeanzisha ofisi ya kumbukumbu za yujeniksi huko Cold Spring Harbor mwaka 1910, aliwashauri waandaaji wa Iowa waipe nasaba ya mtoto uzito mkubwa katika alama. Ushauri huo ulizaa matunda. Mwaka 1920, huko Topeka, Kansas, Watts na Daktari Florence Sherbon walianzisha shindano la familia bora, na sasa ukoo mzima ukawekwa mizanini. Katika jimbo la Indiana mashindano ya watoto yaliendeshwa kuanzia mwaka 1920 hadi 1932, na watoto weusi hawakuruhusiwa kushiriki.

Ndugu, palipo na mshindi hapana budi awepo aliyeshindwa. Indiana ilikuwa imekwisha kupitisha, mwaka 1907, sheria ya kuwafunga uzazi kwa nguvu watu walioitwa duni. Virginia ilifuata mwaka 1924. Msichana wa kwanza kuangukiwa na sheria hiyo ya Virginia alikuwa Carrie Buck, mtoto wa maskini, ambaye baadaye alieleza kwamba alibakwa na jamaa wa familia iliyokuwa ikimlea. Alipojifungua, alipelekwa katika makao ya walioitwa mapunguani, ambako mama yake alikuwa ametangulia. Ili kuthibitisha kwamba upungufu huo ni wa kurithi, ulihitajika ushahidi wa kizazi cha tatu. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii akaeleza kwamba kichanga Vivian, mwenye umri wa miezi michache tu, hakuonekana kuwa wa kawaida. Mwaka 1927 majaji wanane wa mahakama ya juu kabisa ya Marekani, dhidi ya mmoja, waliidhinisha hukumu, na Carrie akafungwa kizazi.

Vivian alianza shule. Mwezi Aprili 1931 jina lake liliandikwa katika orodha ya wanafunzi wanaostahili sifa. Hivyo kitabu cha mwalimu kiliukanusha ushahidi uliokubaliwa na majaji. Mwaka uliofuata alifariki kwa maradhi ya tumbo, akiwa na umri wa miaka minane. Alichohitaji mtoto huyo ni huduma; alichopewa ni hukumu.

Nchini Marekani zaidi ya watu 60,000 walifungwa uzazi kwa sheria za namna hiyo. Ujerumani ya Hitler ilipitisha yake mwaka 1933 na kuwafunga uzazi watu wapatao 400,000. Mwaka huo huo imani hiyo ilipata chama chake Kenya, miongoni mwa walowezi. Daktari H. L. Gordon, aliyehudumu katika hospitali ya Mathari, Nairobi, alitumia vipimo vya vichwa na ubongo kudai kwamba Mwafrika ana akili pungufu, na kwamba elimu ya Kizungu yaweza kumdhuru. Ni dhahiri nani angefaidika kama madai hayo yangekuwa sera.

Mizani yenyewe haina kosa. Muuguzi humpima mtoto ili ajue kama anahitaji chakula au dawa, na mwalimu hutoa mtihani ili ajue nani asaidiwe. Kosa huanza pale tarakimu inapogeuzwa kuwa thamani ya mtu, na afisa anapotia sahihi bila kuuliza. Shahidi wa Virginia hakuwa mnyama. Alikuwa mtumishi aliyejaza maneno machache juu ya mtoto aliyemtazama kwa muda mfupi. Kila anayeshika kalamu ya umma, awe darasani au ofisini, anayo nafasi ya kuwa shahidi yule, au kuwa mwalimu yule aliyeandika alichokiona.