Diski Hazifi Moja Moja



Mhadhara huu umezaliwa na ubishi. Katika kikao kimoja cha kupitia zabuni ya kituo cha data, mwenzangu mmoja, mwanahisabati ninayemheshimu sana, alifunga mjadala kwa kauli fupi: suala la hifadhi ya data lilikwisha mwaka 1988, kilichobaki ni bei. Wajumbe wakaafiki, chai ikaletwa. Mimi sikuafiki, na leo nimepewa saa nzima ya kueleza kwa nini. Huenda waandaaji wakajuta.

Nimtendee haki kwanza. Mwaka huo wa 1988, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba huna haja ya kununua diski moja kubwa ya bei ya kuumiza, kama ile IBM 3380 ya kompyuta kuu za zamani. Kusanya diski ndogo nyingi, zifanye zitumike kama moja. Kasoro ya wazo hilo waliitaja wenyewe: kama diski moja hudumu wastani wa saa 30,000, basi katika kundi la diski 100 tegemea moja kufa kila baada ya saa 300, yaani hata wiki mbili hazifiki. Dawa yao ilikuwa kuandika taarifa za ziada, ili diski moja ikifa, yaliyokuwemo yakokotolewe kutoka kwa zile zilizo hai. Ndiyo RAID. Yaliyofuata wana fani mnayajua: makabati ya diski yakaunganishwa na seva kwa nyaya za Fibre Channel, faili zikatumiwa na wengi kwa njia ya NFS, na mwaka 2004 iSCSI ikasanifiwa rasmi, amri za diski zikaanza kupita kwenye swichi za kawaida za ofisi. Tusonge mbele.

Hoja ya mwenzangu imesimama juu ya kuzidisha. Uwezekano wa diski hii kufa leo ni mdogo. Uwezekano wa hii na ile kufa pamoja ni mdogo mara mdogo. Weka kabati la pili kwenye jengo la pili, zidisha tena, utapata sifuri nyingi baada ya nukta, ukalale. Lakini mwanafunzi wa takwimu wa mwaka wa kwanza anajua sharti la kuzidisha hivyo: tukio moja lisitegemee jingine. Je, diski zilizotoka kiwanda kimoja, zikafika kwenye boksi moja, zikafungwa siku moja, zikanyonya umeme wa njia moja na kupozwa na kiyoyozi kimoja, hazitegemeani?

Waandishi wa Berkeley hawakuwa wajinga. Walisema wazi kwamba wanadhania hitilafu hazihusiani, kama watengenezaji wanavyodhania, kisha wakaongeza kwenye mabano kwamba tetemeko la ardhi au umeme kupanda ghafla kunaweza kuivunja dhana hiyo. Miaka imepita tunanukuu hesabu na kuyaruka mabano. Nami nadiriki kusema kwamba taaluma nzima ya hifadhi ya data ilipaswa kuishi ndani ya mabano yale.

Tazameni namba wanazopewa wanunuzi. Karatasi ya vipimo ya diski inaandika muda wa wastani kabla ya kuharibika: saa milioni moja. Hiyo ni miaka 114. Hakuna diski iliyowahi kuishi miaka 114. Maana ya namba hiyo ni kwamba katika diski 1,000 zinazofanya kazi mwaka mzima, tegemea kama 9 zife. Mwaka 2007, Bianca Schroeder na huyo huyo Garth Gibson, wakati huo wakiwa Carnegie Mellon, walichunguza kumbukumbu za diski zipatazo 100,000. Diski zilizokuwa zikibadilishwa kwa mwaka zilikuwa kwa kawaida asilimia 2 hadi 4, na kwenye mifumo fulani zilifika asilimia 13. Kubwa zaidi, vifo havikujipanga kama hesabu ilivyotaka: vilikuja kwa makundi, kimoja kikiashiria kingine. Mtu aliyesaidia kujenga nyumba ndiye aliyerudi kuonyesha nyufa. Napenda sana jambo hilo, nalitaja kwa wanafunzi wangu kila mwaka.

Kama hilo halitoshi, Novemba 2019 kampuni ya HPE ilitangaza kwamba baadhi ya diski zake za SSD zina dosari katika programu ya ndani: zikitimiza saa 32,768 za kazi, yaani miaka mitatu na miezi karibu tisa, zinakufa, na data haipatikani tena. Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 15, kaunta ilijaa. Sasa fikirini kabati lenye diski 24 za aina hiyo zilizowashwa asubuhi moja. RAID itafanya nini? Na kabati la pili kwenye jengo la pili, lililonunuliwa kwa zabuni ileile ili tupate punguzo? Mzidisho wote wa mwenzangu unageuka kuwa tarehe moja kwenye kalenda.

Atajibu, na amejibu, kwamba tuchanganye watengenezaji. Vyema, tuchanganye. Lakini hapo tumetibu diski tu, na data haikai kwenye diski tu, inasafiri. Hapa niruhusuni nikae kwa muda na makala ninayoipenda kuliko zote katika fani hii, ile ya Jerome Saltzer, David Reed na David Clark wa MIT, iliyochapishwa mwaka 1984. Wanasimulia mtandao wao wa chuo, uliokuwa na mitandao midogo iliyounganishwa kwa malango. Kila kipande cha njia kilikuwa na uhakiki wake: pakiti ikiondoka na ikifika, namba zinalinganishwa. Watu wa programu wakaridhika kwamba data iko salama. Lakini uhakiki ulikuwa wa njiani tu, haukuwa wa ndani ya lango lenyewe. Lango moja likaugua: wakati wa kuhamisha data kutoka upande wa kupokea kwenda upande wa kutuma, jozi ya baiti ilibadilishana nafasi, takriban mara moja katika kila baiti milioni. Hakuna kengele iliyolia. Faili za mfumo endeshi zilipita hapo tena na tena, na baadhi zikaharibika. Wenye faili walifanyaje? Walilinganisha kwa macho na karatasi za zamani zilizochapwa, wakasahihisha kwa mkono.

Soma hiyo upya ukifikiria mtandao wa hifadhi wa leo: seva, kadi, swichi, kidhibiti cha kabati, kumbukumbu ya muda, diski. Kila mmoja anaapa kwamba kwake hakukuharibika kitu. Hitimisho la MIT ni kwamba anayeweza kuhakikisha faili ni nzima ni yule aliyeko mwishoni, mwenye faili. Sun Microsystems walipojenga mfumo wa faili wa ZFS walilichukua kwa uzito: namba ya uhakiki ya kila kipande haikai na kipande chenyewe, inakaa juu yake, kwenye kielekezi kinachokitaja.

Na hata data ikifika nzima, amri yenyewe inaweza kuwa kosa. Niliwahi kuwa mshauri wa SACCOS moja, jina tuliache. Makabati mawili, majengo mawili, kila kinachoandikwa huku kinaandikwa kule papo hapo. Programu ya kufunga mwezi ikasasishwa, ikafuta salio za wanachama wa matawi mawili. Kabati la kwanza likatii. La pili likatii kabla mhasibu hajaondoa kidole kwenye kibodi. Taa zote za kijani, RAID nzima, urudufishaji asilimia 100. Kilichowaokoa ni vitabu vya wanachama: waliitwa waje navyo, makarani wakalinganisha mstari kwa mstari. MIT na karatasi zao, tena.

Hapo ndipo ninapofika kwenye imani yangu, ambayo wenzangu huiita ushamba: kila taasisi iwe na nakala moja isiyounganishwa na chochote. Mimi nasema mkanda wa sumaku. Nazijua dosari zake. Mashine yake ni ghali, mkanda hautaki unyevu wa pwani, na mashine ya mikanda ya kizazi cha LTO-9 haisomi mkanda uliozidi kizazi kimoja nyuma. Najua pia kwamba wingu linaweza kufunga faili zisifutike kwa muda uliopangwa, na hilo ni jema. Lakini Februari 2011 hitilafu ya programu iliwapotezea barua pepe takriban asilimia 0.02 ya watumiaji wa Gmail. Google walikuwa na nakala katika vituo zaidi ya kimoja, hazikufaa. Barua zilirudi kutoka kwenye mikanda. Na Machi 10, 2021, kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud kilipoungua Strasbourg, wako wateja waliogundua kwamba bekapu zao zilikuwa eneo lilelile.

Mwenzangu husema mkanda ni wa polepole. Tukokotoe basi. Mkanda wa LTO-9 unabeba terabaiti 18 na husomwa kwa megabaiti 400 kwa sekunde: saa 12 na nusu. Kiasi hicho kukishusha kutoka ng'ambo kwa laini ya megabiti 100, ikiwa yako peke yako, ni zaidi ya siku 16. Na kama siku hiyo ni Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, ongeza mwenyewe.

Kamati ile ya zabuni itakapokutana tena, nitaomba kifungu kimoja kiingie kwenye zabuni: mzabuni arejeshe mbele yetu faili tutakazochagua sisi, siku tutakayochagua sisi, kwenye mashine tupu, nyaya za makabati yote mawili zikiwa zimechomolewa, na mhasibu ndiye atie saini, si fundi.